Wachache wa Mlima Elgon: Wayahudi, Wakatoliki na swali la nani yuko nyuma yako

Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwaahidi viongozi wa Kizayuni, harakati ya Wayahudi ya kutafuta nchi yao wenyewe, ardhi katika Afrika Mashariki, kwenye nyanda za juu za Uasin Gishu, huko ambako leo kuna Eldoret na mashamba yake ya ngano na mahindi. Mkutano wa Wazayuni uliokaa Basel mwaka huo ulipiga kura: wajumbe 295 walikubali tume ipelekwe kuikagua ardhi hiyo, 178 walikataa. Tume ya watu 3 ikaja, ikazunguka, ikarudi na taarifa isiyotia moyo. Mwaka 1905 mkutano uliofuata ukaikataa ahadi yenyewe. Jambo hili limeingia vitabuni kwa jina la Mpango wa Uganda, ingawa ardhi iliyozungumzwa iko Kenya. Ilikuwa imehamishwa kutoka himaya ya Uganda mwaka 1902 tu, na waliokuwa wakiitoa hawakuwauliza waliokuwa wakichunga ng'ombe juu yake.

Kaskazini-magharibi mwa nyanda hizo umesimama Mlima Elgon, au Masaba kama Wagisu wanavyouita, wenye kilele cha mita 4,321. Mpaka wa Kenya na Uganda umepita juu yake. Upande wa magharibi, kwenye vilima vinavyoteremka kuelekea mji wa Mbale, mwaka 1919 kikundi cha Waafrika kilijitangaza kuwa Wayahudi. Hakuna rabi aliyewahubiria, maana Wayahudi hawana desturi ya kutuma wamisionari. Hakuna aliyewaahidi shule wala zahanati. Walisoma Biblia iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiganda, wakafika kwenye vitabu vitano vya Musa, wakaona kwamba hapo ndipo pao. Wazao wao wapo hadi leo. Wanaitwa Abayudaya, na inakadiriwa kuwa ni watu 2,000 hivi.

Nimefuatilia habari zao kwa muda mrefu, na kinachonisumbua ni jinsi tunavyozisimulia. Kwa wageni wa ng'ambo, Abayudaya ni ajabu ya kupigwa picha. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki, ama hawatajwi kabisa, ama hutajwa haraka haraka kama mfano wa watu wa dini mbalimbali wanaovumiliana. Simulizi zote mbili zinawapita pembeni. Ukitaka kuwaelewa, waweke kando ya wachache wengine wa mlima huohuo, yaani Wakatoliki wa Bugisu. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba Wakatoliki ndio kundi kubwa kuliko yote nchini Uganda, zaidi ya asilimia 39. Lakini Bugisu si Uganda nzima. Huko Waanglikana ndio wengi, Waislamu wana nguvu yao hasa mjini Mbale, na Mkatoliki anayeishi kwenye miteremko ya Elgon anajua vizuri maana ya kuwa mgeni katika harusi na mazishi ya majirani zake.

Mlima mmoja, udongo mmoja, jamii mbili za wachache, na hatima zao hazikufanana hata kidogo. Nasema hivi: uchache haupimwi kwa kuhesabu vichwa. Unapimwa kwa kuuliza, ukikamatwa usiku, ni nani atakayekuja kuuliza habari zako asubuhi.

Mwanzilishi wa Abayudaya, Semei Kakungulu, alilijua swali hilo kuliko watu wengi wa zama zake. Alizaliwa karibu na mwaka 1869, akajipatia jina katika Buganda kama jemadari, na akakua katika siasa ambamo dini na chama vilikuwa kitu kimoja. Wakatoliki waliitwa Wafaransa kwa sababu ya mapadre waliowaleta. Waprotestanti waliitwa Waingereza. Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, na Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza, aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake za Maxim. Walioshinda waligawana vyeo na ardhi, walioshindwa wakasukumwa kuelekea jimbo la Buddu. Kakungulu alikuwa upande wa washindi. Kizazi chake chote kilijifunza siku ile kwamba jina la dini yako ndilo linaloamua bunduki za nani zitakuwa upande wako.

Ndiyo maana uamuzi wake wa baadaye unashangaza. Mwaka 1899 Waingereza walimruhusu aende mashariki kuiteka Bukedi, naye akafika mpaka chini ya Elgon, akajenga ngome Budaka, kisha akauanzisha mji wa Mbale. Alitumaini kufanywa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua, wakampeleka Busoga kuanzia 1906 hadi 1913, na aliporudi Mbale alikuwa mtu aliyevunjwa matumaini. Akajiunga na Bamalaki, kundi lililojitenga na Kanisa la Kiprotestanti na lililokataa dawa za hospitali na chanjo za mifugo kwa hoja ya kwamba uponyaji ni kazi ya Mungu peke yake. Serikali ilikasirika. Yeye akahamia Gangama, karibu zaidi na mlima, akazidi kuisoma Torati.

Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Bamalaki walimwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Wengi hulisimulia tukio hili kama la mtu mmoja na kitabu chake. Mimi naona mlima nao ulikuwamo. Waganda hawakuwa na desturi ya tohara, na kwao ilihesabiwa kuwa jambo la Waislamu. Kwa Wagisu mambo yalikuwa kinyume kabisa. Huko kijana asiyepita imbalu, tohara ya hadharani inayofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa 2, hahesabiwi kuwa mwanamume. Kakungulu alikuwa ameishi kati ya watu hao kwa miaka mingi. Aliposoma habari za Ibrahimu na agano la mwilini, alikuwa akizisoma mahali ambapo kila mtu mzima alielewa, bila kuelezwa, kwamba mwili unaweza kubeba ahadi. Jambo hilohilo lilileta mgongano ambao hauzungumzwi sana. Mtoto wa Kiyahudi anatahiriwa siku ya 8, kabla hajajua kulia kwa aibu. Msimu wa imbalu ukifika, wenzake wakisimama mbele ya kijiji kizima bila kupepesa jicho, yeye atasimama wapi? Kila familia ya Kigisu iliyochagua Torati ililazimika kulijibu swali hilo nyumbani kwake, na nadhani liliwagharimu zaidi kuliko kuacha nyama ya nguruwe.

Wala tusimpake Kakungulu mafuta. Alikuja Bugisu kama mshindi, na mawakala wa Kiganda waliomfuata waliwatoza watu kodi na kuwafanyisha kazi bila malipo. Dini yake ilianza kama dini ya nyumba ya mkubwa, ikasaliwa kwa Kiganda. Kilichoifanya iwe ya mlima ni wakulima waliobaki nayo baada ya mkubwa kufa. Mwaka 1920 mfanyabiashara mmoja Myahudi aliyeitwa Yusufu alikaa nao kwa takribani miezi 6, akawafundisha herufi za Kiebrania, kalenda ya sikukuu na sheria za chakula. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha kanuni na sala. Novemba 1928 akafariki. Aliwaachia watu wake mashamba na kitabu. Hakuwaachia barua yoyote ya kuwatambulisha kwa mtu yeyote nje ya Mbale.

Wakatoliki walifika kwenye mlima huohuo na mzigo wa aina nyingine. Baada ya vita vya Mengo, Roma iliona hatari ya Ukatoliki kuonekana daima kama dini ya Wafaransa katika nchi iliyo chini ya Waingereza. Mwaka 1894 eneo la mashariki lilikatwa na kukabidhiwa wamisionari wa Mill Hill, shirika lililokuwa na makao London, na Askofu Henry Hanlon akafika Kampala na wenzake mwaka 1895. Tazameni uzito wa hatua hiyo. Mtu aliye Roma, ambaye hajawahi kumwona Mgisu, alikuwa tayari anafikiria jinsi ya kumlinda Mkatoliki wa Bugisu asishukiwe na bwana shauri. Walipoanza kupanda milima ya Bugisu, Waanglikana walikuwa wametangulia, na shule yao ya Nabumali baadaye ikawa na jina kubwa. Wakatoliki walijenga misheni ya Nyondo. Walileta masista pia. Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko kutoka Ireland aliyefika Nsambya mwaka 1903, alianzisha mwaka 1923 shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao leo wako Uganda, Kenya na Tanzania.

Siandiki haya kuwasifu wala kuwasuta. Makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango ndio waliolibeba Kanisa hilo mgongoni, na wengi wao hawana hata msalaba wenye jina kaburini. Lakini nyuma ya katekista aliyelala njaa palikuwa na padre, nyuma ya padre askofu, nyuma ya askofu dunia nzima. Mkatoliki wa Bugisu alikuwa mchache kijijini tu.

Tofauti hiyo ilijitokeza kwanza shuleni. Katika Uganda ya wakoloni, elimu ilikuwa mikononi mwa misheni. Mwanglikana alisoma kwao, Mkatoliki alisoma kwao, na Mwislamu alihangaika. Mtoto wa Kiyahudi hakuwa na kwao. Kakungulu aliwakataza wafuasi wake kuwapeleka watoto kwenye shule za Kikristo kwa kuwa alijua kitakachotokea: jina la ubatizo lingekuwa ndiyo ada ya kwanza. Baada ya kifo chake katazo hilo liliwaweka wazazi katika njia panda mbaya. Ukimshika mtoto nyumbani, anakua hajui kusoma barua ya mahakama. Ukimpeleka, anarudi na jina jingine na katekisimu mkononi. Wapo waliochagua hili, wapo waliochagua lile, na kwa miaka 30 iliyofuata jumuiya ilipungua taratibu bila mtu kuipiga teke. Hatuna budi kulikumbuka hili tunapozungumzia mateso ya wachache. Tunapenda kumtafuta dikteta. Kabla dikteta hajaja, kalamu ya kuandikisha wanafunzi ilikuwa imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Dikteta naye alikuja. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971 alikuwa rafiki wa Israel. Machi 1972 aliwafukuza Waisraeli wote, na Abayudaya, ambao hawakuwa wameomba urafiki ule wala uadui ule, walijikuta wanalipa. Ibada yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waligeukia Ukristo au Uislamu. Waliobaki walisali vyumbani milango ikiwa imefungwa, wengine mapangoni na katikati ya migomba. Inakadiriwa kwamba walikuwa 3,000 hivi kabla ya Amin, na baada yake walisalia 300 hivi.

Wakatoliki walikuwa wapi wakati huo? Walikuwa wanauawa pia. Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki aliyekuwa Jaji Mkuu, alikamatwa mahakamani Septemba 1972 na kuuawa. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa Januari 1973. Waanglikana nao walimpoteza Askofu Mkuu Janani Luwum Februari 1977. Hakuna anayeweza kusema kwamba jina kubwa la Kanisa lilizuia risasi. Hata hivyo mwaka 1977 Amin alipopiga marufuku madhehebu 27, Ukatoliki ulibaki kwenye orodha ya dini zilizoruhusiwa, pamoja na Uislamu, Anglikana na Orthodoksi. Padre aliweza kuuawa, lakini Jumapili iliyofuata misa ilisomwa, na kifo chake kikatajwa na redio za dunia. Myahudi wa Nabugoye, kilima cha Abayudaya karibu na Mbale, aliyechapwa kwa kuwasha taa ya Sabato hakutajwa na redio yoyote. Wakati huo walio wengi miongoni mwa Wayahudi wa dunia hawakujua kwamba yupo.

Siku Amin alipoanguka ni tarehe inayowahusu Watanzania moja kwa moja. Jeshi letu, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ndiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka Misri. Abayudaya hawajaisahau sadfa hiyo na sidhani kama wataisahau. Katika vitabu vyetu vya Vita vya Kagera tunahesabu mizinga, vifaru na mito iliyovukwa. Ningefurahi kuona walimu wetu wakiwaeleza wanafunzi kwamba askari wa Tabora na Songea waliwafungulia sinagogi watu ambao hawakuwahi kuwasikia.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya vijana. Katika miaka ya 1980 walikusanyika Nabugoye, wakalima pamoja, wakatunga nyimbo za zaburi kwa Kiganda na Kiebrania kwa mahadhi ya kwao, wakawarudisha wazee waliokuwa wamekata tamaa. Katika miaka ya 1990 wageni wa Kimarekani walianza kufika, na mambo yakabadilika haraka. Februari 2002 jopo la marabi wa madhehebu ya Kihafidhina, yaani Conservative, lilikuja Mbale na kuwapokea rasmi mamia ya Abayudaya. Gershom Sizomu, mmoja wa vijana wale, alikwenda kusoma Los Angeles na kupewa urabi mwaka 2008. Mwaka 2016 sinagogi kubwa jipya lilizinduliwa Nabugoye, na mwaka huohuo Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Katika jimbo ambamo Wayahudi ni tone, kura zake nyingi zilitoka kwa Wakristo na Waislamu. Alikaa kipindi kimoja.

Kwa hiyo hatimaye Abayudaya nao walipata mtu wa nyuma yao. Lakini kila anayekusimamia huja na orodha ya masharti, na hapa ndipo ninapowaonea uchungu zaidi. Sheria ya Kurudi ya Israel ya mwaka 1950 inampa kila Myahudi haki ya kuhamia huko. Kijana wa Mbale alipoomba haki hiyo, wizara ya mambo ya ndani ya Israel ilikataa mwaka 2018, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikashikilia kukataliwa kwake. Hoja zilikuwa za kisheria: tarehe ya kupokelewa kwake, jopo lililompokea, wakati jumuiya yake ilipotambuliwa. Sipingi kwamba nchi ina haki ya kuweka sheria za uhamiaji. Lakini angalia kilichotendeka. Watu waliokuwa Wayahudi kwa miaka 80 bila kuomba ruhusa ya mtu walilazimika kupokelewa upya mwaka 2002, kisha mmoja wao akaambiwa kwamba kupokelewa kwake kuna kasoro. Tofauti za madhehebu za Marekani na Israel, ambazo mkulima wa Elgon hakuzianzisha, ziliwagawa hata wao. Kijiji cha Putti, kwa mfano, kilichagua njia ya Kiorthodoksi ya Kiyahudi, wenzao wa Nabugoye wakabaki na Conservative.

Mkatoliki wa Nyondo analijua hili kwa njia yake. Kwa miongo mingi askofu wake alikuwa Mzungu, na sala yake ilikuwa Kilatini mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ubatizo wake wa Bugisu haufiki Roma. Mbatizwa ni mbatizwa.

Ndiyo maana, nikitafuta kitu kilichowapa Abayudaya mgongo ambao hakuna wizara ya ng'ambo inayoweza kuuondoa, natazama kahawa. Miteremko ya Elgon ni nchi ya arabika, inayopandwa chini ya kivuli cha migomba na miti, mashamba ya ekari moja au chini ya hapo. Tangu mwaka 1954 chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kilikuwa ndicho kinachoinunua. Biashara ilipoachwa huria mwanzoni mwa miaka ya 1990, walanguzi walipanda mlima na mizani zao, na mkulima mwenye mtoto mgonjwa akawa anauza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Muumini wa dini yoyote alipunjwa sawasawa.

J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na aliyaona mashambulizi ya siku ile kwa karibu. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake Wakristo na Waislamu, na mwaka 2004 chama cha ushirika cha Mirembe Kawomera kikazaliwa, maana yake amani tamu. Kampuni moja ya kahawa ya California ilikubali kuinunua kahawa yao kwa bei ya biashara ya haki.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya moyo mwema. Moyo mwema ulikuwepo, lakini mimi napenda hesabu iliyo ndani yake. Kontena moja la kahawa ya kusafirishwa nje hubeba tani 18 hadi 19. Mkulima wa Elgon mwenye nusu ekari hutoa kilo mia chache kwa msimu, mwaka ukiwa mzuri. Abayudaya peke yao, hata wakikusanya kila punje, wangehangaika kulijaza, na mnunuzi hangoji. Kwa hiyo Myahudi aliyetaka kumkwepa mlanguzi alimhitaji Mkatoliki, Mwanglikana na Mwislamu, nao walimhitaji yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mnunuzi. Cheti cha kilimo hai kinawafunga zaidi. Mkaguzi hukagua kundi, na jirani akinyunyizia dawa za viwandani karibu na mpaka wa shamba lako, kahawa yako nayo inatiliwa shaka. Ikabidi wajuane shamba kwa shamba. Mikutano isifanyike Ijumaa mchana, wala Jumamosi, wala Jumapili asubuhi. Viongozi wachaguliwe kwa namna ambayo kila dini inaona sura yake mezani. Hizo ni kanuni za uendeshaji, na zimefanya kazi ambayo mahubiri mengi ya upendo hayakuifanya.

Sina nia ya kuipamba kahawa kupita kiasi. Kutegemea mnunuzi mmoja wa mbali ni hatari, mashamba yanagawanywa kwa watoto hadi yanakuwa vipande vya kupita mbuzi, na mlima wenyewe umechoka. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, yakaua watu wengi ambao miili yao mingine haijapatikana hadi leo, na maafa ya namna hiyo yamerudi tena na tena. Ushirika hauwezi kuzuia mteremko usibomoke.

Lakini umebadilisha jinsi majirani wanavyohesabiana, na ninaona athari yake hata katika elimu. Abayudaya wana Shule ya Msingi ya Hadassah na Shule ya Sekondari ya Semei Kakungulu, na humo wanasoma watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu pamoja. Kituo chao cha afya mjini Mbale kinawatibu watu wote. Watu walionyimwa shule kwa sababu ya jina walipopata shule yao hawakuuliza jina la mtoto. Kwa nchi ambayo kwa muda mrefu chama cha Democratic Party (DP) kiliitwa na wapinzani wake Dini ya Papa, na ambayo wazee wake bado wanaweza kukutajia nani alikosa kazi kwa kusali Kanisa lisilo la mkubwa, hilo si jambo dogo.

Bado kuna mlango mmoja umefungwa, nao uko palepale pa zamani, shuleni. Sabato ya Myahudi ni Jumamosi. Vyuo vikuu vya Uganda hufanya mitihani Jumamosi. Wanafunzi Waadventista, ambao ni wengi mara nyingi kuliko Abayudaya, walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere juu ya jambo hilo, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba chuo hakikuvunja Katiba. Kijana wa Nabugoye aliyemaliza Kakungulu kwa alama nzuri anaingia chuoni akijua kwamba huenda akachagua kati ya karatasi ya mtihani na amri ya nne. Babu yake alichagua kati ya jina lake na daftari.

Kanisa Katoliki lina shule, vyuo na vituo vya mitihani kila kona ya Uganda. Lina maaskofu ambao waziri wa elimu hupokea simu zao. Halihitaji sheria mpya wala hukumu ya mahakama ili kuanza. Linaweza kupanga karatasi ya Jumamosi irudiwe Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri kwa mwanafunzi anayeshika Sabato, chini ya uangalizi, katika vyuo vyake yenyewe, kisha likaidai serikali ifanye vivyo hivyo. Wakatoliki wa Bugisu, wanaokumbuka jinsi mtoto alivyotazamwa katika shule isiyo yao, ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kulipeleka ombi hilo kwa askofu. Nao Waadventista na Abayudaya waende pamoja safari hii, kwa sababu mwaka 2006 upande mmoja ulikwenda peke yake.